Kuandika kwa Kutazama Filamu (Sehemu ya Tatu): Daftari la Mwenzako

Katika sehemu iliyopita nilisema kwamba mtu akiambiwa "andika kuhusu urafiki" hukaa na kalamu mkononi asipate la kuandika. Urafiki ni mkubwa mno; hauna pa kuushikia. Kichocheo kinachofaa ni kile kinachomkabidhi mwandishi jambo dogo, lenye haraka, linalomkera mpaka alimalize. Leo nalithibitisha hilo kwa filamu moja ya Iran ya mwaka 1987, Nyumba ya Rafiki Iko Wapi, aliyoiongoza Abbas Kiarostami.

Kisa chenyewe ni chepesi. Katika kijiji cha Koker, mwalimu anamkaripia mwanafunzi aitwaye Nematzadeh kwa kuandika kazi ya nyumbani kwenye karatasi badala ya daftari. Akirudia, atafukuzwa shule. Jioni, Ahmad, anayekaa naye dawati moja, anafungua mkoba na kukuta madaftari mawili yenye jalada la kufanana: lake na la Nematzadeh. Rafiki yake anaishi Poshteh, ng'ambo ya kilima, na Ahmad hajui nyumba ni ipi. Basi. Filamu nzima, isiyofika saa moja na nusu, ni mtoto anayetafuta mlango.

Tazama mambo yanayoisukuma: kitu si chake, muda ni hadi asubuhi, na atakayeumia ni mwingine. Hapo pana kichocheo cha kwanza, kwa shajara na kwa hadithi pia. Kumbuka kitu cha mtu kilichobaki mikononi mwako: ufunguo, barua, fedha ya mchango, kitabu cha kuazima. Andika saa chache za kukirudisha. Usieleze kwa nini kina uzito. Acha mwendo wako uonyeshe.

Nyumbani Ahmad anamweleza mama yake mara kadhaa. Mama ana nguo za kufua na mtoto mchanga anayelia. Anajibu kuhusu masomo, kuhusu mkate wa kununua, kuhusu kumbembeleza mtoto. Si mama mbaya, na hapo ndipo tukio linapopata nguvu. Jaribu mazungumzo ambamo mtoto anasema jambo lilelile mara tano, kila mara kwa maneno mengine, na mkubwa anajibu jambo jingine kila mara. Ukishamaliza, liandike tena tukio hilo ukiwa upande wa mama. Wengi huliruka zoezi hili la pili, nalo ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu linamlazimisha mwandishi kumtendea haki mtu aliyekwisha kumhukumu.

Kisha anakuja babu, na hapa ninawaomba wasomaji wasimame kidogo. Babu anamtuma Ahmad sigara ilhali anazo mfukoni. Anamweleza mwenzake kwamba nia yake ni kumfunza mtoto utii. Yeye mwenyewe, anasema, baba yake alikuwa akimpa senti kila wiki na kipigo kila wiki mbili. Senti baba huyo aliweza kuisahau, kipigo hakukisahau kamwe. Anayasema haya kwa utulivu wa mtu asemaye kweli aliyoirithi. Kiarostami hamleti mtu wa kumjibu. Hakuna jirani mwenye busara, hakuna hotuba ya mtoto. Hadithi nyingi zetu huharibika mahali kama hapa: mwandishi hawezi kuvumilia kosa bila kulisahihisha papo hapo, akamtia mtoto wa miaka minane maneno ya hakimu. Kwa hiyo andika mzee anayeamini malezi aliyolelewa. Mpe hoja zake bora kabisa, mpe na methali. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye" inamtosha. Usimpinge. Mwache mtoto asimame pale, akisubiri ruhusa ya kwenda.

Giza linapoingia, huko Poshteh, Ahmad anaongozwa na mzee aliyetengeneza milango na madirisha mengi ya mbao pale kijijini. Sasa watu wanataka milango ya chuma. Mzee anatembea polepole, anasimulia kazi zake na kuchuma ua ili Ahmad aliweke daftarini, na mtoto, mwenye haraka ya moyo wote, hamwachi. Kichocheo: watu wawili katika njia moja, mmoja ana haraka, mwingine ana kumbukumbu. Msomaji wa Lamu au Unguja anaweza kumfikiria fundi wa milango ya nakshi. Wa kwingine atamjua fundi wake.

Mwisho wa filamu siutoboi. Nasema tu kwamba hakuna anayemshukuru mwenzake kwa maneno, nami naona ni mwisho bora kuliko mingi inayosifiwa zaidi. Andika mwisho ambamo wema unatendeka na hautajwi.

Kuna jambo jingine lililotokea nje ya filamu. Juni 1990 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Iran ya kaskazini na kuua makumi ya maelfu ya watu. Kiarostami alirudi katika eneo lile kuwatafuta watoto waliokuwa wameigiza. Safari hiyo ikazaa filamu ya 1992 kuhusu baba na mwanawe walio barabarani, wakiuliza habari za watoto hao katikati ya vifusi. Hiyo ndiyo tutakayoishughulikia juma lijalo, tutakapozungumzia namna shajara inavyogeuka hadithi pasipo kuwadhulumu watu halisi waliomo ndani yake.

Kabla ya hapo, chagua kichocheo kimoja tu kati ya hivi. Andika ukurasa mmoja, usitaje hisia yoyote kwa jina lake, na uuhifadhi, tutauhitaji.