Mbele ya kuuzisha lupango juu ya lazeri ya macho

Wiki iliyopita, kijana mmoja wa timu yetu hapa Kakontwe alitukuta kwenye kibaraza cha sendika, kofia ya kazi mkononi. "Papa delege," akasema, "minasikia kule inje banatengeneza macho na lazeri, bila kisu. Nauzisha lupango, naenda. Minachoka na miwani."

Hatukumucheka. Ku kazi yetu, miwani ni taabu ya kweli. Vumbi ya mawe ya chokaa inaifunika, jasho inaiteremsha puani, na juu yake tena unavaa miwani ya kukinga. Lakini lupango ni lupango. Tulimuambia angoje kidogo, tukaenda kuuliza waganga na kusoma. Wandugu, haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, mujue kwamba ufundi huu ulizaliwa na aksida ya kazi. Mwaka 1993, kwenye chuo kikuu cha Michigan, Marekani, ndani ya laboratwari ya Mfaransa Gérard Mourou, mwanafunzi mmoja alikuwa anapanga lazeri. Akainua miwani ya kukinga, na mwangaza ukamuingia jichoni. Munganga kijana Ron Kurtz, alipomuangalia, alishangaa: kidonda kilikuwa kidogo, safi, bila kuunguza pembeni. Lazeri ile inapiga kwa muda mufupi sana, hata moto haupate nafasi ya kuenea. Basi wakaanza kutumika pamoja juu ya macho. Mwaka 2018, Mourou na Donna Strickland walipata zawadi ya Nobel juu ya namna yao ya kutengeneza mapigo hayo mafupi na yenye nguvu.

Sasa, inatumika namna gani? Mbele ya jicho kuna kama kioo kidogo cha duara, kinaitwa kornea. Unene wake ni karibu nusu milimita tu. Ndiyo inayopinda mwangaza ili picha iangukie nyuma kabisa ya jicho. Kama kornea imepinda kupita kipimo, ao jicho ni refu, picha inaangukia mbele: unaona ya karibu, ya mbali ni ukungu. Lazeri haisafishe jicho wala kuliongeza nguvu. Inachonga kornea, kama fundi anavyochonga mbao, mpaka picha irudie mahali pake. Kwa kila nambari moja ya miwani, inaondoa karibu mikroni 12 hadi 15. Mikroni 1000 ndiyo milimita moja.

Zamani, kisu chenye mota kilikata kwanza kifuniko chembamba juu ya kornea. Leo lazeri ndiyo inakata kifuniko hicho, lazeri ya pili inachonga chini yake, kisha kifuniko kinarudishwa na kushika chenyewe bila uzi. Kuna namna ingine, inaitwa SMILE: lazeri inakata kipande chembamba ndani ya kornea, na munganga anakivuta kupitia tundu la milimita 2 hadi 4. Hapo hakuna kifuniko. Katika namna zote mbili wanatia dawa ya matone ili jicho lisisikie maumivu, mutu haulale usingizi, na kazi inaisha ndani ya dakika chache.

Kwetu sisi wa mawe, tofauti hiyo ni kubwa. Kifuniko kinaweza kusogea jicho likipigwa kwa nguvu, hata kisha miaka. Basi mutumikaji aseme kazi yake kwa munganga mbele ya yote. Na kisha kutengenezwa, kwa wiki kadhaa hakuna kusugua jicho wala kuingia ndani ya vumbi. Nani atakulinda kwenye kazi siku hizo? Uliza mapema.

Tena, lazeri hii haiponeshe kila kitu. Sisi wa miaka 40 na zaidi, tunaosogeza gazeti mbali ili tusome, shida yetu ni lenzi ya ndani ya jicho inayokuwa ngumu. Kuchonga kornea hakuirudishie ujana. Haiondoe kataraki, wala haiponeshe jicho lililounguzwa na chokaa. Mwenye kornea nyembamba, mwenye nambari inayobadilika kila mwaka, mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, wanakataliwa ao wanaambiwa wangoje. Na kwa wengine macho yanakauka kisha, ao usiku taa zinakuwa na duara la mwangaza. Mwenye kuendesha kamyo ya usiku afikiri mara mbili.

Kijana wetu tulimupeleka kupimwa. Ikaonekana miwani yake ilinunuliwa sokoni, nambari haikuwa yake! Mwajiri wake alikuwa amemuambia kwamba miwani ni jambo la mutu mwenyewe. Hapana. Sheria ya kazi ya 16 oktoba 2002 inamuomba mwajiri kumutunza mutumikaji na jamaa yake wakigonjwa, na miwani iko ndani yake, kama munganga ameiandika. Tulienda na karatasi ya munganga, tukaongea. Leo ana miwani mupya, na lupango iko palepale.

Mwenye feza na kornea nzuri, aende. Lazeri ni kitu cha kweli, na Nairobi ao Afrika ya Kusini wanaifanya. Lakini apimwe kwanza hapa karibu.

Na tukumbuke yule mwanafunzi aliyeinua miwani ya kukinga. Yeye alikuwa na bahati. Chokaa haina huruma hiyo. Ikiingia jichoni, fungua macho chini ya maji safi mengi, palepale, nusu saa nzima, kisha opitali. Bamama, muwafundishe na watoto: bwana akirudi na nguo nyeupe ya vumbi, anawe kwanza, kisha abebe mtoto.