Sindano Mpya, Katriji ya Zamani

Msomaji mmoja aliyeko Maskati amerithi gramafoni ya babake, na kwenye mkono wake imo katriji ya Shure V15 Type III, toleo la mwaka 1973. Sindano ilikuwa imekwisha. Shure wenyewe waliacha biashara ya katriji mwaka 2018, kwa hiyo akaagiza sindano kwa JICO wa Japani, kampuni iliyoanza na sindano za kushonea mwaka 1873 na ambayo leo hutengeneza sindano za katriji nyingi zilizokwisha kuachwa na watengenezaji wake. Akachagua ya bei ya juu, yenye almasi iliyochongwa kwa ustadi na kijiti cha boroni. Sasa ameandika kwa masikitiko. Kila ala inasikika mahali pake, hata mwisho wa santuri pako safi, lakini matoazi yamefifia na ile sauti aliyokulia nayo haijarudi. Anauliza kama ameuziwa sindano bandia.

Hapana, si bandia. Alichonunua ni nusu ya katriji, na nusu hiyo haikupimwa kwa ajili ya nusu aliyonayo.

Namna mfuo wa santuri unavyobeba sauti, na namna sumaku inavyozalisha umeme ikitikisika karibu na koili, yamo kwenye vitabu vya sekondari, tuyapite. La kushika ni mahali sumaku ilipo. Chomoa sindano ya V15 uitazame kwa kioo cha kukuzia. Mbele kabisa kuna chembe ya almasi ambayo bila kioo ungeidhania vumbi. Imeshikizwa kwenye ncha ya kibomba cha alumini, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kwa nyuma kibomba hicho kinapita kwenye raba, na mwisho wake, ndani ya kikasha cha chuma cha pembe nne, kimebeba sumaku. Vyote hivyo umetoka navyo mkononi. Kilichobaki kwenye katriji ni koili na chuma chake basi.

Kibomba hicho hakina jina lililozoeleka kwetu. Kukiita mkono kunachanganya, maana mkono ni ule mrefu unaobeba katriji nzima. Kijiti nimelitumia hapo juu, lakini ni jina la kitu chochote kilichookotwa njiani. Mimi nitakiita ufito: ni mwembamba, tena ni mwepesi. Atakayepata jina bora alete, ila asilete bomba, kwa sababu ufito wa boroni kwa kawaida ni mzima, hauna tundu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika uhandisi wa sauti.

Koili ya V15 Type III ina mizunguko mingi ya waya, na indaktansi yake ni kama milihenri 500, kiasi kikubwa. Koili ya namna hii hukaba umeme unaobadilika upesi. Iunganishe na nyaya za gramafoni, zenye kapasitansi yake, na utakuta kwamba ukishapita kilohezi 10 hivi umeme unaanza kuporomoka. Yaani kwa upande wa umeme peke yake, katriji hii ina upungufu kwenye sauti za juu: matoazi, kayamba, herufi “s” kinywani mwa mwimbaji.

Upande wa pili uko kwenye almasi. Plastiki ya santuri tunaiona ngumu, lakini almasi ikiikanyaga, hata kwa uzito wa gramu moja, inabonyea kidogo kisha inasukuma kurudi. Kwa hiyo ncha ya sindano ni uzito ulioketi juu ya springi, na kila uzito ulioketi juu ya springi una kasi yake ya kutikisika, ambayo ukiigusa tu hautulii. Mfuo ukileta sauti iliyo karibu na kasi hiyo, ncha hutikisika zaidi ya ilivyoamriwa, na sauti hutoka kubwa kuliko ilivyorekodiwa. Hilo nalo ni kosa.

Wahandisi wa Shure, huko Evanston, Illinois, walikuwa basi na makosa mawili, moja linapunguza na jingine linaongeza. Wakayaoanisha. Ncha ya sindano wakaipa uzito ambao mtikisiko wake uliangukia palepale umeme ulipokuwa ukiporomoka, na jumla yake ikatoka tambarare.

Fundi cherehani stadi hufanya vivyo hivyo. Anajiwa na mteja ambaye bega lake la kushoto limeshuka. Fundi hasemi neno; anapima, anakata, na ndani ya koti, upande wa kushoto, anaongeza tabaka la kitambaa kigumu linalolingana na upungufu wa bega lile. Mzee akilivaa, watu wanaona mabega sawa. Litundike koti peke yake, limepinda. Mvue mzee koti, naye amepinda. Wakutanishe, wamenyooka. Miaka inapita, koti linachakaa, na mwanawe anamletea jipya kutoka duka la fahari, kitambaa bora, mshono bora, mabega yote mawili mfano mmoja. Mzee analivaa, na kwa mara ya kwanza majirani wanaliona bega lake. Koti halina kosa hata moja. Lilishonwa kwa mwili ulionyooka, na unyofu wake ndio unaoanika kile ambacho koti la kwanza lilikisitiri. Sasa aletewe koti la mtumba, ambalo tabaka lake limewekwa karibu na shingo badala ya begani. Hapo atakuwa na nundu pasipotakiwa kitu, na bega limeshuka kama kawaida.

Koti la fahari ndilo aliloagiza msomaji wetu. Boroni ni nyepesi kuliko alumini na ni kakamavu mara nyingi zaidi, na almasi iliyowekwa juu yake ni ndogo. Uzito wa ncha ukipungua, kasi ya mtikisiko inapanda, tena kwa hesabu inayojulikana: uzito ukibaki robo, kasi inakuwa maradufu. Mtikisiko uliokuwa, tuseme, kilohezi 15 unahamia 30, ambako sikio la binadamu halifiki. Msaada umehama, upungufu wa koili umebaki wazi, na matoazi yamefifia.

Koti la mtumba ni zile sindano za bei rahisi zinazouzwa kwa jina hilohilo. Nyingi hubeba almasi ndogo iliyogundishwa juu ya kipande cha chuma, badala ya almasi nzima iliyopandikizwa moja kwa moja kwenye ufito. Chuma hicho ni uzito wa ziada, na uko palepale kwenye ncha, mahali pabaya kuliko pote. Mtikisiko unashuka hadi mahali ambapo koili bado haijaanza kupunguza kitu. Msikilizaji husema katriji ni kali na inachoma masikio, wakati sauti za juu kabisa hazipo.

Umbo la almasi ni habari nyingine, na hapa sindano ya boroni inastahili sifa zake. Ukingoni mwa santuri ya LP mfuo hupita chini ya almasi kwa mwendo wa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo mwendo umeshuka hadi kama 21, kwa sababu duara limekuwa dogo na santuri inazunguka vilevile. Sauti ya kilohezi 15 ambayo ukingoni ilijinyoosha kwenye mikroni 34, karibu na lebo imebanwa kwenye mikroni 14. Almasi ya mviringo ya kawaida ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi. Haiwezi kuingia kwenye kona hizo. Inaziruka, na wimbo wa mwisho wa kila upande unatoka na mchakacho. Sindano ya asili ya V15 Type III, iliyoitwa VN35E, ilichongwa umbo la yai, na ubavu wake unaogusa mfuo ulikuwa na mikroni 5 tu. Ile ya Japani ni nyembamba zaidi. Ndiyo maana msomaji wetu anasikia kila ala mahali pake.

Raba nayo huzeeka na kukakamaa, hata sindano ikiwa haijatoka kwenye kasha lake tangu 1975, kwa hiyo sindano ya asili ambayo haijatumiwa si lazima ilie kama ilivyolia ilipokuwa mpya.

Kama ungali na shaka kwamba sindano ni nusu ya katriji, ujue kwamba Shure waliuza sindano nyingine kwa mwili huuhuu, VN78E, kwa ajili ya santuri za zamani za mizunguko 78. Mifuo ya santuri hizo ni mipana, na sindano ya LP huzama hadi chini na kukusanya takataka. Mwenye santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, anahitaji ncha pana ya namna hiyo. Ile ya kawaida itamsikilizisha zaidi mchakacho wa uchafu kuliko mwimbaji.

Kwa msomaji wetu wa Maskati, njia ziko mbili. Anayetaka kubaki na sindano ya boroni apunguze kapasitansi. Shure waliiagizia katriji hii pikofaradi 400 hadi 500, kwa kuhesabu ufito wa alumini. Akitumia nyaya fupi na amplifaya yenye kapasitansi ndogo, akashuka hadi 200 hivi, koili itachelewa kuporomoka na matoazi yatapanda. Anayetaka sauti ya babake anunue sindano ya umbo la yai yenye ufito wa alumini, kisha arudishe pikofaradi 400. Nayo ni nafuu kuliko aliyonunua. Kwa vyovyote vile, uzito wa mkono aupange kwa maelezo ya sindano mpya, asifuate karatasi ya mwaka 1973, na ile sindano iliyokwisha asiiweke tena juu ya santuri hata kwa kulinganisha, kwa sababu almasi iliyolika hukwangua mfuo, na mfuo ukishakwanguliwa hautengenezeki.