Semina ya Mtandaoni: Tutoze Kiasi Gani?

Akina mama wengi siku hizi huombwa wawafundishe wenzao kwa njia ya mtandao: upishi, ushonaji, malezi, na sisi wauguzi huombwa somo la kunyonyesha. Kufundisha si tabu. Tabu huja pale mtu anapouliza, "Kiingilio ni shilingi ngapi?" Hapo wengi wetu hushikwa na haya, tukajibu, "Leteni tu mlicho nacho."

Jibu hilo ni la upole, lakini humwumiza yule yule tunayemhurumia. Mwenye kidogo huona aibu kukituma, akaamua kutokuja kabisa. Afadhali bei ijulikane.

Basi tushike daftari. Tuseme tunaandaa semina ya saa mbili kwa akina mama wanaotarajia mtoto wa kwanza. Tuandike bando la mwalimu. Malipo ya programu, maana Zoom isiyolipiwa hukata mkutano baada ya dakika 40, na hapo maswali ndiyo kwanza yameanza. Makato ya kutoa fedha kwenye simu. Na posho ya binti anayeandikisha majina. Kisha tuandike lile tunaloliacha kila mara: siku mbili za kuandaa somo. Fundi cherehani hutoza kitambaa na ufundi pia. Kwa nini sisi tutoze kitambaa tu?

Tuseme jumla ni shilingi 120,000. Wameahidi kuja 40, kwa hiyo 3,000 kila mmoja? Hapana, dada. Ahadi si malipo! Tugawe kwa wale tulio na hakika nao. Wakiwa 20, kiingilio ni 6,000.

Je, asiye na 6,000? Mtandaoni mtu wa 21 haongezi kiti wala chai, basi nafasi chache za bure hazitutii hasara. Azigawe mama mmoja mtu mzima anayejua kutunza siri, na majina yasisomwe mbele za watu. Tukumbuke pia kwamba msikilizaji hulipa mara mbili, kiingilio na bando lake. Video hula bando upesi kuliko sauti. Anayetaka kusikiliza tu aruhusiwe.

Kwetu sisi watumishi wa afya kuna mpaka. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe wajawazito malipo katika vituo vya serikali. Ushauri wa kliniki ni haki ya mama. Haifai kumwambia kwenye foleni kwamba maelezo zaidi yako kwenye semina ya kulipia. Na akipiga simu mjamzito anayetoka damu, asiulizwe kama amelipa. Aambiwe aende hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo dogo la mwisho ni umeme. Tangazo liseme tangu mwanzo kwamba mkutano ukikatika kabla ya nusu, fedha zitarudishwa au somo litarudiwa siku fulani, na siku hiyo itajwe.