Cheti cha Ndoa Kinapovuka Bahari

Mume aliyepata kazi Dubai hutamani kuwa pamoja na mkewe na wanawe. Huko ugenini, hata hivyo, ndoa iliyoshuhudiwa na mtaa mzima haithibitiki kwa maneno. Huthibitika kwa cheti kilichohakikiwa.

Karatasi ya msikitini pekee haitoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa za Tanzania Bara zisajiliwe, na cheti kinachopokewa ni kile cha serikali. Safari yake ina vituo: RITA huthibitisha kwamba kimo katika kumbukumbu zake, Wizara ya Mambo ya Nje huhakiki saini na mhuri, ubalozi wa Umoja wa Falme za Kiarabu hugonga wake, kisha wizara ya huko humalizia. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto hupita njia hiyo hiyo.

Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 ulifupisha safari hii kwa uthibitisho mmoja uitwao apostili, lakini hufaa baina ya nchi wanachama tu.

Ikumbukwe kuwa mihuri hiyo haishuhudii ukweli wa yaliyoandikwa. Hushuhudia saini tu. Kosa lililomo husafiri na cheti. Baba akiwa Mohamed katika pasipoti na Muhammad katika cheti cha mwanawe, machoni pa karani hao ni watu wawili. Basi, ndugu msomaji, linganisha majina kabla ya mhuri wa kwanza. Kusahihisha nyumbani ni rahisi kuliko ughaibuni, familia ikingoja viza.