Usinunue ploti kwa wakili wa muuzaji

Familia nyingi za mjini huishi miaka kumi au ishirini katika nyumba za kupanga, zikiweka akiba kidogo kidogo katika chama au Sacco ili siku moja zipate ploti yao wenyewe. La kushangaza ni kwamba fedha hizo zilizokusanywa kwa jasho hutolewa kwa siku moja tu, mara nyingi kwa mtu ambaye mnunuzi alimfahamu mwezi huo huo. Anayenunua runinga hudai risiti na waranti. Anayenunua shamba lenye thamani ya runinga mia moja huridhika na nakala ya hatimiliki aliyoonyeshwa na dalali hotelini.

Ukiwauliza, wengi watakuambia kwamba walitumia wakili. Swali ni, wakili wa nani? Yamkini dalali aliwaambia hivi: "Msijisumbue kutafuta wakili, muuzaji anaye wake, atatuandikia sisi sote." Maneno hayo huvutia kwa sababu yanapunguza gharama. Lakini wakili huyo ameajiriwa na muuzaji, na kazi yake ni kulinda maslahi ya muuzaji. Iwapo siku ya kukabidhi hatimiliki itapita na muuzaji aanze kutoa visingizio, nani atamwandikia barua ya kumkumbusha mkataba? Si yule anayekula naye sahani moja.

Mnunuzi yeyote basi, awe ananunua robo ekari Kitengela au nyumba ya ghorofa Kilimani, anahitaji wakili wake mwenyewe, na amtafute kabla ya kutoa hata shilingi moja ya amana.

Kumtafuta si kazi ngumu siku hizi. Kila wakili lazima awe na leseni inayotolewa upya kila mwaka, na Chama cha Mawakili Nchini (LSK) kina orodha kwenye tovuti yake ambapo mwananchi anaweza kuandika jina na kuona kama mhusika ana leseni ya mwaka huu. Fanya hivyo hata kama ofisi ina zulia na vitabu ukuta mzima. Mnamo Oktoba 2023 tawi la Nairobi la chama hicho liliwatahadharisha wananchi kuhusu mtu aliyedaiwa kuwakilisha watu kortini ilhali hakuwa wakili. Ikiwa hayo yaweza kutokea mbele ya majaji, sembuse katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu karibu na stendi ya matatu?

Leseni peke yake haitoshi. Wakili hodari wa kesi za jinai huenda hajawahi kukanyaga masjala ya ardhi tangu amalize masomo. Muulize kama kazi yake ya kila siku ni uuzaji na ununuzi wa ardhi, na ni nani hasa atakayeshughulikia faili yako, yeye au karani. Muulize pia ada yake, na umwombe aiandike. Viwango vya chini vya ada vimewekwa na kanuni za malipo ya mawakili za 2014, na hulingana na bei ya mali. Katika barua hiyo atenganishe ada yake na gharama nyingine, hasa ushuru wa stempu ambao ni mzigo wa mnunuzi: asilimia 4 ya thamani ya mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Familia nyingi husahau fedha hizo katika bajeti, na nyumba ya milioni tano ikaja na deni la laki mbili lisilotarajiwa.

Tahadhari pia na wale waandishi wa mikataba walio nje ya ofisi za serikali. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza asiyehitimu kuandaa hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Na kila hati kama hiyo yapaswa kubeba jina na anwani ya aliyeiandika. Tazama chini ya karatasi. Kama pako patupu, uliza.

Serchi pekee haitoshi

Jambo la kwanza atakalofanya wakili ni kupekua rekodi za masjala, kile ambacho wengi wetu huita serchi. Siku hizi ardhi ya Nairobi na kaunti nyingine kadhaa hupekuliwa kupitia mtambo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Cheti hicho huonyesha mwenye ardhi ni nani leo, na kama kuna benki inayoidai au zuio lililowekwa. Wanunuzi wengi wakishakiona hufunga macho na kulipa.

Hapo ndipo hukumu moja ya Mahakama ya Juu yapasa kusomwa na kila mwenye akiba. Kampuni ya Dina Management ilinunua kiwanja kilicho ufuoni Nyali, Mombasa. Kiwanja hicho kiligawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka wa 1989, kikauziwa kampuni nyingine, kisha kikaifikia Dina. Mnamo 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta wake ikisema pale palikuwa njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ilikuwa na hatimiliki mkononi. Hata hivyo, Aprili 2023 mahakama iliamua kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haiwezi kumlinda hata mnunuzi aliyekuja baadaye kwa nia njema. Septemba mwaka uo huo, katika kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi iliyokaliwa na jeshi, mahakama hiyo hiyo ikasema barua ya ugawaji si hatimiliki, na asiyetimiza masharti yake hana cha kumuuzia mtu.

Maana yake kwa mama na baba wanaotafuta ploti ni hii: wakili wako hana budi kurudi nyuma, amjue aliyeiuza kabla ya huyu, na kabla ya yule, hadi ilipotoka kwanza. Kama ilikuwa ardhi ya umma, ya shirika la serikali au iliyotengewa barabara, ajue ilitokaje huko. Ubomoaji wa Syokimau wa Novemba 2011, na ule wa Oktoba 2023 katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland huko Athi River, uliwakuta watu waliokuwa wamekwisha kujenga na kuhamia. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi nacho si hatimiliki, hata kikiwa na mihuri mitano.

Wakili hataonyeshwa mipaka na karatasi. Mlipe sevea afike mahali penyewe na ramani, atafute bikoni na kuthibitisha kwamba ploti mliyoonyeshwa ndiyo iliyo kwenye hati. Wapo waliotembezwa kwenye ploti nzuri kando ya lami na kuuziwa iliyo bondeni.

Chunguza aliye nyuma ya muuzaji

Mwombe wakili achunguze hali ya nyumbani kwa muuzaji pia. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke, kwa hivyo sahihi ya mmoja haitoshi. Kama hati ingali kwa jina la marehemu baba, mwana hawezi kuuza hadi mahakama iidhinishe rasmi usimamizi wa mirathi. Barua ya chifu haichukui nafasi hiyo. Ardhi ya kilimo nayo yahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi latakiwa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi. Bila kibali, mauziano ni batili.

Tuje kwenye fedha. Kwa kawaida mnunuzi hutoa amana ya asilimia 10 na kumaliza salio katika siku 90. Amana hiyo isiingie mfukoni mwa muuzaji. Iwekwe katika akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba useme wazi itarudishwa lini mambo yakiharibika. Salio nalo hutolewa kwa ahadi ya maandishi kati ya mawakili wawili, ahadi ambayo wakili akiivunja anaweza kushtakiwa yeye binafsi. Hii ndiyo faida kubwa ya kuwa na mawakili wawili, na ndiyo wanayoipoteza wale wanaotumia mmoja.

Wanaonunua fleti wamwulize wakili kama kila nyumba itapata hatimiliki yake chini ya Sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu nyumba za pamoja, na kama mjenzi ameikopea benki ardhi yote mliyosimama juu yake.

Wakili akikuchezea fedha, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na jopo la nidhamu linaloweza kumfuta. Weka risiti na barua zote tangu siku ya kwanza, kwani hapo hakuna atakayesikiliza maneno matupu.

Hatimiliki mpya ikitoka, usiifungie kabatini kwanza. Linganisha majina, nambari za vitambulisho na ukubwa wa ploti, kisha mwambie wakili afanye serchi nyingine kwa jina lenu. Herufi moja iliyokosewa hurekebishwa kwa urahisi wiki hiyo kuliko miaka kumi baadaye, watoto wakiwa ndio wanaoifuatilia.