Mashine Inapojifunza Kutoka kwa Mama wa Kuku

HEBU tuseme mama mmoja wa soko la Rodi Kopany, pale barabara ya Rongo kwenda Homa Bay inapokutana na ile ya Ndhiwa, ameweka mayai 60 katika mashine ya kuangulia vifaranga. Kwa siku 21 joto lapasa kubaki karibu nyuzi 37.5. Likizidi mno kwa saa chache tu, vifaranga hufia ndani ya yai, na karo ya mtoto hupotea nao.

Mashine ya bei nafuu hujua mambo mawili tu: kuwasha na kuzima. Haijali kama joto linapanda polepole au kwa kasi. Mama hujali. Akitazama kipimajoto husema, "Limepanda kidogo, tupunguze kidogo." Hapo hapana hesabu, lakini pana akili.

Je, akili hiyo yaweza kutiwa mashinini? Aliyeonyesha kuwa yawezekana ni mzaliwa wa hapa jirani. Ebrahim Mamdani alizaliwa Tanzania ya leo mwaka 1942, akasoma India, kisha mwaka 1966 akaenda Uingereza.

Katika Chuo cha Queen Mary, London, yeye na mwanafunzi wake Sedrak Assilian walichukua injini ndogo ya mvuke. Badala ya kuilisha hesabu ngumu, waliipa kanuni za maneno ya kawaida: nguvu ya mvuke ikiwa chini sana, ongeza moto sana; ikikaribia kiwango, ongeza kidogo tu. Walichapisha matokeo yao mwaka 1975. Msingi wa kazi hiyo, mantiki ya fazi, uliwekwa na Lotfi Zadeh mwaka 1965.

Mwaka 1979 Mamdani na T. J. Procyk wakaeleza mfumo unaosahihisha kanuni zake wenyewe, kama mpishi anayezoea jiko jipya. Mwaka 1987 treni za mji wa Sendai, Japani, zilianza kuendeshwa kwa mantiki ya fazi, zikisimama bila kuwatikisa abiria.

Mamdani alifariki mwaka 2010. Leo kanuni kama zake hutosha ndani ya kikompyuta kidogo kama ukucha.

Hata hivyo, msomaji, stima ikipotea mashine yote hulala, na mama ndiye hutafuta blanketi. Basi fundi akija Rodi Kopany kuunda mashine yenye akili, asikimbilie vitabu. Akae kwanza na mama huyo, amwulize: joto likipanda, wewe hufanyaje?