King'amuzi kiweke 720p au 1080? Chagua mwenyewe kabla ya kumwita fundi

Umenunua king'amuzi, dishi limefungwa na malipo ya mwezi umelipa. Kisha mtoto anacheza na rimoti na skrini inakuwa nyeusi, au inaandika "Not Supported". Wengi wetu hufikiri televisheni imekufa. Wengine huibeba kwa bodaboda hadi kwa fundi na kulipa pesa ambayo ingenunua unga. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. King'amuzi kinatuma picha ambayo televisheni yako haiwezi kuipokea.

Namba hizi zina maana gani?

Picha ya televisheni imeundwa kwa vinukta vidogo sana. Namba unazoziona kwenye menyu (576, 720, 1080) ni idadi ya mistari ya vinukta hivyo kutoka juu hadi chini. Herufi "p" ina maana kwamba mistari yote inatumwa kwa pamoja. Herufi "i" ina maana kwamba inatumwa nusu kwanza, kisha nusu nyingine.

Usidhani kwamba namba kubwa ndiyo bora kila wakati. Namba bora ni ile inayokubaliana na waya wako na televisheni yako.

Hatua ya 1: Angalia waya

Kama unatumia waya wenye vichwa vitatu, cha njano, chekundu na cheupe, picha haiwezi kuzidi 576 hata ukichagua namba gani. Kama televisheni na king'amuzi vina tundu la HDMI, tumia waya wa HDMI. Waya huo mmoja hubeba picha na sauti, na tofauti utaiona mara moja.

Hatua ya 2: Angalia televisheni

Soma karatasi iliyobandikwa nyuma ya televisheni, au boksi lake.

- Televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa: 576i.
- Televisheni bapa iliyoandikwa "HD Ready" au 1366 x 768 (nyingi za inchi 32 ni hizi): chagua 720p.
- Televisheni iliyoandikwa "Full HD" au 1920 x 1080: chagua 1080i au 1080p.

Kama menyu inakuuliza 50Hz au 60Hz, chagua 50Hz. Matangazo ya ukanda wetu hutumia 50, na ukiweka 60 mpira unaweza kuonekana ukirukaruka. Kama wachezaji wanaonekana na mistari pembeni wanapokimbia, jaribu kutoka 1080i kwenda 720p.

Hatua ya 3: Badilisha

Bonyeza "Menu" kwenye rimoti, ingia "Settings", kisha tafuta "Video", "TV" au "Resolution". Jina hutofautiana kati ya king'amuzi na king'amuzi. Kabla ya kubadilisha, andika mahali namba iliyokuwepo.

Skrini ikiwa nyeusi

Usibonyeze kitu kwanza. Ving'amuzi vingi hurudi vyenyewe kwenye namba ya zamani baada ya sekunde chache usipothibitisha. Kisipokurudia, unganisha waya wa vichwa vitatu na uchague "AV" kwenye rimoti ya televisheni. Mara nyingi menyu itaonekana hapo, nawe utachagua 720p au 576 kisha urudi kwenye HDMI. Njia nyingine ni kuazima televisheni ya jirani kwa dakika tano, ubadilishe namba, halafu urudishe king'amuzi kwako.

Mambo ambayo namba haitatibu

Picha ikikatika vipande vipande au kuganda, hasa mvua inaponyesha, tatizo linaweza kuwa mvua kubwa yenyewe, dishi au waya unaotoka kwenye dishi. Kubadilisha 1080 kuwa 720 hakutasaidia. Likiendelea hata mvua ikiisha, hapo ndipo fundi anahitajika.

Chaneli iliyorushwa kwa ubora wa kawaida haitakuwa HD kwa sababu umechagua 1080. Sura zikionekana nene au ndefu, tafuta "Aspect Ratio": 16:9 kwa televisheni bapa, 4:3 kwa ile ya mgongo.

Na kama unatumia sola, kushusha namba hakutaokoa betri kwa kiasi utakachokiona. Kinachokula umeme zaidi ni mwanga wa skrini. Punguza mwanga huo usiku, nawe utafika dakika ya tisini betri ikiwa bado hai.

Kwa wenye vibanda vya kuonyesha mpira

Skrini kubwa huonyesha kasoro ambazo skrini ndogo huzificha. Jaribu namba yako mchana, kabla wateja hawajaketi. Ukishaipata, iandike kwenye plasta na uibandike juu ya king'amuzi, ili yeyote atakayegusa rimoti ajue pa kurudi.